Albamu Iliyotoka na Kasoro Zake

Paskasi alianza ufundi redio wakati Babati ikiwa bado mji wa wilaya tu chini ya Arusha, mji ambao wasafiri wa Singida na Dodoma waliupita wakaukumbuka kwa vumbi na kambale wa ziwani. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Ukimpelekea redio iliyougua, hakukimbilia bisibisi. Aliiwasha, akaitegea sikio, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari za msiba, kisha akasema, "Hii spika imechanika," au, "Hii ni nzima, mnaiweka karibu mno na jiko." Mara nyingi ilikuwa hivyo hivyo.

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa na Babati ikawa makao makuu, watu walimiminika kutoka kila upande. Walikuja maofisa na familia zao, wakaja wajenzi, wakaja wafanyabiashara, na vyombo vyao vya muziki vikaja juu ya malori, vikirushwarushwa barabarani hadi vikafika vimelegea viungo vyote. Kwa Paskasi ile ilikuwa neema. Mkewe Romana, ambaye majirani walimwita Mama Sylvesta kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alipenda kusema kwamba serikali imeleta mkoa ili mume wake asikose kazi.

Hata hivyo, kazi ya kutengeneza haikumtosha. Miaka yote alishughulika na pale sauti inapotokea, na sasa alitaka kusimama pale inapoingia. Ofisi moja ilipouza kompyuta zake kuukuu, alinunua moja, akaifungua, akaifunga, akaenda Arusha kujifunza kurekodi kwa rafiki yake mmoja. Aliporudi, chumba cha uani nyumbani kwao Maisaka, ambacho Romana alikuwa akiwekea mahindi na mbaazi, kikageuka studio. Ukutani alibandika sponji za magodoro yaliyochakaa, darini akatandika magunia, na mlango akauvisha blanketi.

"Na hilo blanketi?" Romana aliuliza.

"Nimeliazima."

"Umeliazima kwa nani, Baba Sylvesta, na blanketi ni langu?"

Paskasi akacheka, Romana akacheka, na blanketi likabaki mlangoni.

Kwa muda, waliorekodi pale walikuwa wanakwaya tu, na tangazo moja la mnada. Halafu akaja Nickson.

Nickson alikuwa kijana mrefu, mwenye maneno mengi, aliyeuza viatu vya mitumba kwa kuvizungusha mtaani juu ya baiskeli. Mama yake, Martha, alikuwa ametoka naye Rombo mwaka ule ule wa mkoa, akafungua genge la chakula karibu na majengo mapya ya ofisi. Nickson alisimama mlangoni mwa studio, akaliangalia blanketi, akasema, "Shikamoo fundi. Mimi nachana mistari. Nataka kutoa albamu."

"Marahaba. Wimbo mmoja kwanza?"

"Albamu, fundi. Hip hop ya mkoa mzima. Nimeshaipa jina, 'Mkoa Mpya'."

Paskasi hakuwa mtu wa hip hop. Alipenda muziki wa dansi, magitaa yanayojibizana. Ila alipomwashia Nickson maiki na kumwambia aseme chochote, kijana yule alifumba macho akaanza, na Paskasi akasahau kushusha mkono wake kutoka kwenye swichi. Kila neno lilisikika. Vina vilianguka mahali pake bila kusukumwa. Alikuwa amezoea kusikia vijana wakimeza maneno ili waonekane wana haraka. Huyu aliyatafuna, akakupa.

Wakakubaliana. Biti walizitengeneza wenyewe kwenye kompyuta, Paskasi akijifunza huku akifanya. Palikosekana mtu wa kuimba viitikio, na hapo ndipo Nickson alipomtaja Amira.

Amira alikuwa binti wa Mzee Shomari, muuza vitenge wa mjini. Alimaliza kidato cha nne, akawa anamsaidia baba yake dukani, na kila aliyewahi kumsikia akiimba kaswida kwenye maulidi alikuwa bado anaisimulia sauti yake. Paskasi alikwenda dukani mwenyewe kumwomba ruhusa mzee. Mzee Shomari alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja kitenge.

"Kuimba si tatizo langu," alisema. "Tatizo langu ni chumba kisicho na dirisha."

"Mke wangu atakuwepo, mzee. Kila siku."

"Mama Sylvesta?"

"Ndiyo."

"Basi Mama Sylvesta akiwepo, na mimi nipo."

Hivyo Romana akawa mtu wa nne wa albamu ile. Alikaa kwenye kona na ungo wake, akichambua mbaazi, na mara ya kwanza waliposikiliza walichorekodi, chini ya sauti ya Nickson kulikuwa na mchakacho wa ajabu. Nickson alifurahi akidhani ni biti. Ilikuwa ungo. Kuanzia siku hiyo Romana aliambiwa achambue kati ya wimbo na wimbo.

Ilikuwa masika. Mvua ikianza kugonga bati, kazi ilisimama na wote wanne walibaki wakinywa chai na kubishana. Ndiyo maana albamu ilichukua muda mrefu kuliko walivyotarajia. Na katika muda ule Paskasi aliona jambo ambalo hakulisema. Nyimbo za mwanzo Nickson aliziimba kwa sauti yake, sauti ya kijana wa Babati aliyezaliwa Rombo. Kadiri siku zilivyosonga, akaanza kusikiliza kanda mpya kutoka Dar es Salaam, na sauti ikahama. Akawa anaburuta maneno kama mtoto wa mjini pwani. Akaingiza wimbo wa benzi, akaingiza wimbo wa ufukweni. Paskasi alijiambia kwamba yeye ni fundi tu; mwenye wimbo ndiye anayeujua wimbo.

Albamu ilipokamilika, Nickson alitaka kuipeleka Arusha ikanakiliwe mara moja. Alishawatangazia watu mtaani.

"Nipe siku chache," Paskasi alimwambia. "Nataka niisikie nje ya chumba hiki."

Akainakili kwenye kanda, akazunguka nayo. Aliipiga kwenye redio mbovu ya kibandani. Aliipiga saluni kwenye spika kubwa. Alimwomba dereva wa Hiace ya kwenda Bonga aiweke, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Kila mahali albamu ilikuwa mtu mwingine. Saluni wimbo wa tatu ulitetemesha vioo mpaka watu wakatikisa vichwa. Ndani ya Hiace wimbo huo huo ulikuwa besi tupu, Nickson amezama chini yake kama mtu aliyefunikwa na gunia. Aligundua pia kwamba ngoma aliyoitumia katika wimbo wa pili ameirudia kwenye nyimbo nyingine kadhaa, na hakuna aliyekuwa amegutuka, hata yeye. Mistari, hata hivyo, ilikuwa imara. Wazee wawili kwenye Hiace waliacha kuzungumzia bei ya mahindi ili wasikilize.

Ni Romana aliyependekeza wawaite watu. "Mpishi haulizi sufuria kama chakula kimeiva," alisema. "Waite majirani Jumapili baada ya ibada. Nitapika."

Wakaja majirani, wakaja wateja wa kibanda, akaja Amira, akaja Martha mama yake Nickson na gauni lake la kanisani. Viti vilipangwa uani, spika ikawekwa dirishani. Nickson alikuwa amevaa miwani ya jua.

Wimbo wa kwanza ulipokelewa kwa vifijo. Wa pili pia. Watu walirudia viitikio, watoto wakacheza. Ulipofika ule wa benzi, pale Nickson anaposema anaendesha gari la kifahari ufukweni na mawimbi yanampigia saluti, sauti moja ikatoka nyuma: "Benzi lenyewe si lile lenye kengele? Jana si lilizibwa pancha pale stendi?"

Uani kukawa kicheko kitupu. Hata Martha alijifunika mdomo kwa kitambaa. Nyimbo mbili zilizofuata watu walizipitisha wakizungumza mambo yao, wengine wakaamka kuongeza pilau.

Halafu ukaingia wimbo wa nane. Nickson alitaka kuuondoa kwa sababu aliuona wa kizamani. Paskasi ndiye aliyeung'ang'ania. Ulianza na Amira peke yake, akivuta neno moja, kisha Nickson:

*Tulishuka stendi na vumbi, sufuria tatu na kanga,*
*Mama akauliza njia kwa mtu aliyebeba panga,*
*Akasema, "Mkoa mpya, mwanangu, hapa hatutatanga."*
*Kesho yake moto ukawaka, wajenzi wakanywa uji wa karanga.*

Mazungumzo yakakatika. Robo tatu ya watu waliokaa pale walishuka stendi ile ile, kila mmoja na sufuria zake, kutoka Moshi, Singida, Kondoa, Mbulu. Mwanamke mmoja alisema, "Jamani." Martha hakujifunika tena mdomo. Aliangalia chini mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua anakumbuka yule mtu wa panga."

Paskasi aliona hapo hapo albamu yao ni kitu gani. Ilikuwa na moyo, ila moyo wenyewe ulikuwa umevalishwa nguo za kuazima. Watu walipoondoka alimwita Nickson pembeni.

"Hizi nne tulizorekodi mwisho tuzirudie," alisema. "Kwa sauti yako. Na mimi nirudie ngoma, nimekosea. Tukipata wiki chache tu..."

"Umewaita watu waje kunicheka," Nickson alisema. Miwani alikuwa ameivua, na macho yalikuwa mekundu.

"Hawakukucheka wewe. Walicheka benzi."

"Benzi ni mimi, fundi! Nani anataka kusikia habari za viatu vya mitumba? Nani Dar atanunua uji wa karanga?"

"Walionyamaza leo."

"Hao hawana redio."

Akachukua nakala ya CD mezani, akapanda baiskeli, akaenda. Keshokutwa yake alipanda basi la Arusha. Romana alimkuta mumewe amekaa studio, taa imezimwa, hakuna anachofanya. Alikaa naye.

Albamu ikatoka hivyo hivyo, na kasoro zake zote. Kanda zilifika Babati zikiwa na picha ya Nickson ameegemea gari la mtu. Mwanzoni vijana walizinunua kwa fahari, maana albamu ni ya kwao. Kibandani kwake Paskasi aliisikia kutoka kila upande wa soko, na ikawa anaweza kujua ni wimbo wa ngapi kwa namna watu walivyopunguza au kuongeza sauti. Wimbo wa kwanza uliongezwa. Wa benzi ulirukwa. Wa nane ulirudishwa nyuma na kupigwa tena, mpaka kanda nyingi zikaanza kuchakaa mahali pale, na watu wakamletea redio zao wakidhani ni ubovu.

"Redio ni nzima," aliwaambia. "Mmeupenda sana wimbo mmoja."

Kisha Jumamosi moja, wakati akiunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa, redio ya jirani yake ilikuwa kwenye kipindi cha muziki kutoka Arusha. Mtangazaji alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito ya kutuliza, na desturi yake ilikuwa kuichukua albamu moja na kuieleza kwa wasikilizaji, mazuri yake na mabaya yake. Paskasi alisikia jina la Babati, akaweka chini kifaa cha moto.

"Kijana huyu," mtangazaji alisema, "ana kitu ambacho wengi wenye majina makubwa hawana. Unamwelewa. Kila mstari unafika, na mistari mingine inafika na mzigo. Wimbo wa nane ni habari ya mama mmoja na sufuria zake, na nimeusikiliza nikamkumbuka mama yangu. Lakini nusu ya albamu hii ameimba mtu mwingine. Sijui ni nani, ila huyo si kijana wa Babati. Na ngoma zinafanana mno, kama nyumba za mkandarasi mmoja."

Paskasi alitabasamu kwa uchungu. Haya aliyajua.

"Jambo la mwisho," mtangazaji aliendelea. "Kuna binti anaimba viitikio. Jina lake halikuandikwa popote. Sauti yake imewekwa mbali, kama anaimba kutoka chumba cha pili na mlango umefungwa. Fundi aliyerekodi albamu hii, kama unanisikia, mfungulie huyo binti mlango."

Halafu akaupiga wimbo wa nane, wote.

Jirani alianza kushangilia, "Fundi, unatajwa!" Paskasi hakusikia. Alikuwa anamsikiliza Amira, na kwa mara ya kwanza alisikia kweli. Alimshusha mwenyewe, kwa kidole chake, kila wimbo, kwa sababu alidhani kiitikio ni pazia na Nickson ndiye dirisha. Alipita kwenye Hiace, akapita saluni, akasikia besi, akasikia ngoma, na hilo likampita. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine alichoshindwa kukikana: mtu asiyemjua, mji mwingine, alikaa akaisikiliza kazi yake kwa makini kiasi kile.

Alifunga kibanda mapema, akaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Shomari. Amira alikuwa anapima kitenge.

"Umesikia redio?" Paskasi aliuliza.

"Nimesikia, kaka Paskasi."

"Ni kweli alichosema. Nilikuweka mbali."

Amira alianza kukikunja kitenge. "Nilijua siku ile ya pilau. Nilisikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Neno hilo lilimkaa Paskasi moyoni kuliko yote ya redioni. Alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyonyamaza mbele ya Nickson akijiambia kwamba mwenye wimbo ndiye anayejua. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na albamu ikapita katikati.

"Safari nyingine useme," alimwambia. "Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi."

"Safari nyingine ipo?" Amira aliuliza, na hapo akainua uso.

Kabla hajajibu, Nickson alisimama mlangoni mwa duka, jasho limemlowesha, baiskeli ameitupa chini barazani. Alikuwa amemtafuta Paskasi kibandani, akamtafuta na nyumbani. Tangu siku ya ugomvi walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu. Sasa alisimama akihema.

"Mzee, shikamoo," alimwambia Mzee Shomari kwanza.

"Marahaba. Mmesemwa leo."

"Tumesemwa, mzee." Akamgeukia Paskasi. "Fundi, tumesemwa vibaya."

"Na vizuri."

"Na vizuri," Nickson alikubali, na tabasamu likaanza kumponyoka. "Amesema ngoma zako ni nyumba za mkandarasi mmoja."

"Na wewe amesema hupo kwenye albamu yako."

Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko, kicheko cha watu walioanguka pamoja kwenye tope moja, hata Mzee Shomari akaweka mkasi chini. Nickson alijifuta uso kwa kiganja.

"Mama alikuwa ananiambia," alisema. "Tangu Jumapili ile. Kila akipika uji ananiambia, 'Yule wa benzi simjui, mimi nina mtoto mmoja tu.' Nikaona ni maneno ya mama. Leo mtu wa redio anasema maneno yale yale." "Naomba turudie, fundi. Kama bado unataka."

"Si kurudia," Amira akasema. Wote wakamgeukia, maana hakuwa na kawaida ya kukata maneno ya watu. "Ile imeshatoka, iacheni ikae ilivyo. Watu wamempenda mama wa sufuria tatu na kasoro zake. Tutengeneze nyingine. Na mimi nina wimbo wangu, si kiitikio. Wimbo."

Mzee Shomari alimtazama binti yake kwa muda. "Unahusu nini?"

"Duka, baba. Wateja wanaokuja kuchagua kitenge cha harusi, na wanaokuja kuchagua cha msiba, na wanavyoshika kitambaa tofauti."

Mzee alitikisa kichwa taratibu kukubali, akauliza kama Mama Sylvesta ana nafasi wiki ile.

Walianza kiangazi, bati likiwa kimya. Safari hii Paskasi alijenga kila ngoma upya. Moja aliitoa kwenye mlio wa kanyagio la baiskeli likizungushwa, nyingine alimwomba Romana apepete mbaazi mbele ya maiki kwa makusudi. Nickson alikuja na mistari kuhusu viatu: kiatu cha kushoto kilichotoka Ulaya bila mwenzake, na mzee wa kijiji cha Mutuka aliyekinunua hata hivyo kwa kuwa mguu wake mmoja ndio uliokuwa na kidonda. Aliichana kwa sauti yake, ile ya kutafuna. Akiteleza kuelekea sauti ya kuazima, Amira aligonga kioo cha dirisha dogo ambalo Paskasi alikuwa ametoboa ukutani, na Nickson akaanza tena bila kununa.

Zamu ya Amira ilipofika, Paskasi alimsogezea maiki, akarudi kwenye kompyuta, akaweka kidole kwenye kitufe cha sauti. Binti alianza chini, kama anazungumza na mteja, kisha akapanda.

"Inatosha hivyo?" Paskasi aliuliza wimbo ulipoisha.

Amira alivua vifaa vya masikioni, akafikiri.

"Niongeze kidogo," alisema.

Akamwongeza.